Uboreshaji wa kioo cha bafuni

Kioo cha bafuni ni kioo cha kujitazamia kinachowekwa bafuni, mara nyingi juu ya sinki la kunawia. Katika nyumba nyingi za Tanzania huwa ni bapa tupu lisilo na fremu, lililobandikwa ukutani kwa gundi au kushikwa kwa vibanio vinne. Kioo cha namna hiyo kinaweza kuboreshwa kwa gharama ndogo bila kununua kingine, mradi mwenye nyumba aelewe jinsi kilivyotengenezwa na mambo yanayokiharibu.

Muundo wake

Kioo cha kujitazamia ni kioo cha kawaida ambacho upande wake wa nyuma umepakwa utando mwembamba wa fedha au alumini, kisha rangi ya kuukinga. Zamani mafundi wa Ulaya walitumia bati na zebaki, ambayo ni sumu. Mwaka 1835 mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig aligundua kwamba fedha inaweza kupakwa juu ya kioo kwa njia ya kemikali, na ugunduzi huo ukawa msingi wa vioo vya fedha vya siku hizi.

Hivyo anayejitazama huona sura yake kwa sababu ya utando wa nyuma. Unyevu ukipenya kwenye kingo, utando huo huliwa na madoa meusi hutokea, hasa ukingo wa chini ambako maji hutuama. Madoa hayo hayatoki kwa kusuguliwa, kwa kuwa hayako upande wa mbele.

Hali ya nyanda za juu

Nanyala ni kata ya Wilaya ya Mbozi katika Mkoa wa Songwe, kwenye nyanda za juu za kusini. Miezi ya Juni na Julai huwa ya baridi, na maji ya kuoga hupashwa moto. Mvuke ukigusa kioo kilichopoa hugeuka vitone vidogo, yaani ukungu. Kioo kikipakwa sabuni kidogo na kufutwa kwa kitambaa kikavu mpaka king'ae, maji hutandaa badala ya kufanya vitone, na ukungu hupungua kwa muda. Dirisha lililo wazi husaidia zaidi, tena hulinda utando wa nyuma.

Kutengeneza fremu

Fremu hupendezesha kioo na kuficha madoa ya kingoni. Kwa kioo cha sentimita 60 kwa 90, mbao nyembamba za jumla ya mita 3 zinatosha kuzunguka pande zote. Ni vema kununua mita 3.5 ili kufidia makosa ya kukata. Mbao za paini ni nyepesi na hukatika kwa urahisi. Mianzi iliyopasuliwa na kukaushwa pia hufaa.

Hatua zake ni hizi:
1. Kupima pande zote nne kwa futi kamba, kwa kuwa pande za kioo huenda zisilingane kabisa.
2. Kukata ncha za mbao kwa pembe ya nyuzi 45, kisha kuzipiga msasa.
3. Kupaka rangi ya mafuta au vanishi pande zote, pamoja na mgongo wa mbao. Ukingo wa ndani wa mgongo huonekana ndani ya kioo. Usipopakwa, mstari wa mbao tupu utabaki ukionekana.
4. Kusafisha kingo za kioo na kuziacha zikauke kabisa.
5. Kubandika mbao kwa silikoni isiyo na asidi, kuzishika kwa utepe wa gundi na kuziacha kwa saa 24.

Silikoni yenye harufu ya siki haifai, kwa sababu asidi yake hula utando wa fedha. Vilevile kioo kisisafishwe kwa dawa yenye amonia.

Badala ya mbao, vipande vya marumaru vilivyobaki katika ujenzi vinaweza kupangwa ukutani kukizunguka kioo. Uzito wake hubebwa na ukuta, si kioo.

Usalama

Kioo chenye unene wa milimita 4 kina uzito wa kilo 10 hivi kwa kila mita ya mraba. Kioo cha sentimita 60 kwa 90 hufikia kilo 5.4 kabla ya kuongezwa fremu. Uzito huo ukidondoka juu ya sinki au mtoto huleta madhara makubwa. Kwa hiyo vibanio vikaguliwe kabla ya kazi kuanza. Katika ukuta wa matofali ya kuchoma, skrubu zipite kwenye plasta na kushika tofali lenyewe. Plasta peke yake humeguka.

Taa za betri ni salama zaidi kuliko waya uliovutwa na mtu asiye fundi, kwa kuwa umeme wa nyumbani ni volti 230 na bafu lina maji. Kioo chenye ufa kisiwekewe fremu. Kiondolewe, kifungwe kwa gazeti nzito na kutupwa mahali ambapo watoto hawachezi.