Mshipa Unaobeba Miguu ya Mtoto

Mtoto wa miaka sita anazinduka kutoka kwenye nusukaputi. Uvimbe uliokuwa umejibanza kando ya uti wa mgongo umeshatolewa. Daktari anamfumba macho, anakishika kidole gumba cha mguu wake na kukiinua, kisha anamuuliza kimeelekea wapi. "Juu," mtoto anajibu, na ni kweli. Anaambiwa akichezeshe mwenyewe. Kidole hakitikisiki.

Hivyo ndivyo ugwe wa mgongo, yaani kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, unavyoweza kujionyesha ukinyimwa damu, na siri imo katika mgawo wa damu yenyewe. Ateri moja inayoteremka upande wa mbele hulisha takriban theluthi mbili za ugwe huo, zikiwemo njia za amri za misuli na za hisia za maumivu na joto. Ateri mbili za nyuma hulisha theluthi iliyobaki, inayopeleka kwenye ubongo habari za mahali kiungo kilipo. Damu ya mbele ikikatika, mtoto hujua mguu wake uko wapi, ila hawezi kuuinua.

Ateri hiyo ya mbele haijitoshelezi. Njiani huongezewa damu na matawi machache yanayotokana na mkole wa damu, yaani aota. Tawi kubwa kuliko yote sehemu za chini lina jina la Albert Adamkiewicz, mwanapatholojia wa Kraków, Poland, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1881 na 1882. Upana wake ni kama milimita moja. Kwa watu wengi huchipuka upande wa kushoto, kati ya pingili ya 9 na ya 12 za kifua, lakini wapo ambao kwao liko juu au chini ya hapo.

Nyuroblastoma, saratani inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano, hupenda kumea maeneo hayohayo. Huweza hata kupenya kwenye matundu yaliyo kati ya pingili, mlemle unamopita mshipa huo wa Adamkiewicz. Mpasuaji akiufunga ili kuzuia damu isivuje, anaweza kuwa amefunga chakula cha ugwe.

Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa nyuroblastoma wa mwaka 2009 uliweka uvimbe uliovamia maungio ya mbavu na pingili, kuanzia ya 9 hadi ya 12, kati ya dalili za hatari za kutazamwa kwenye picha kabla ya upasuaji. Katika baadhi ya hospitali mrija mwembamba hupitishwa kinenani, dawa ya kuonyesha mishipa ikamiminwa, na eksirei ikauonyesha mshipa ukipanda kisha ukikunja ghafla kuteremka, mithili ya kibanio cha nywele. Wakati wa upasuaji, umeme mdogo hupitishwa kichwani na mwitikio wake kupimwa kwenye misuli ya miguu. Mwitikio ukififia, mpasuaji husimama, naye mtaalamu wa usingizi hupandisha shinikizo la damu.

Wakati mwingine uamuzi bora ni kuacha kipande cha uvimbe kilichoushikilia mshipa. Kipande hicho kinaweza kufuatiliwa au kutibiwa kwa dawa. Ugwe uliokufa hauna dawa ya kuurudisha.

Mzazi, kabla ya kutia saini, uliza: uvimbe uko pingili ya ngapi, mishipa ya ugwe imechunguzwaje, na miguu itapimwa vipi mtoto akiwa amelala? Baada ya upasuaji, ukiona miguu imelegea au mkojo umeziba, mwite daktari saa hiyohiyo.