Je, Inajuzu Kuua Wadudu wa Mikorosho kwa Kuvu?



Ndugu zetu wa Unguja wenye shamba la mikorosho Naliendele, Mtwara, wametuuliza: wameshauriwa kunyunyizia kuvu hai badala ya sumu. Je, huko si kueneza maradhi kwa viumbe vya Allaah?

Jibu ni kuwa inajuzu. Mdudu anayeharibu riziki ya watu anaruhusiwa kuuliwa, na njia yenye madhara machache ndiyo bora. Isitoshe, kuvu hizi zimo udongoni tangu zamani. Chembe ya kuvu iitwayo Metarhizium humnasa mdudu kwenye ngozi, ikaota na kupenya ndani, akafa baada ya siku kadhaa. Si haraka kama sumu ya dukani, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mwaka 2009 ilitumika Tanzania, kwa msaada wa FAO, dhidi ya nzige wekundu katika mbuga ya Iku-Katavi, nyanda za Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa ni dawa ya kila kitu. Adui mkubwa wa mkorosho kusini ni ubwiriunga, unaoshambulia maua na majani machanga, nao wenyewe ni ugonjwa wa kuvu! Metarhizium haiutibu. Wakulima huuzuia kwa salfa, nasi hatuwaambii waiache. Ila wasichanganye salfa na kuvu ya wadudu bila kumuuliza bwana shamba, kwani kazi ya salfa ni kuua kuvu.

Ama mbu wa mikorosho, watafiti wa Naliendele wamemchunguzia maji moto, chungu wale wale wanaotuuma tukipanda mikarafuu. Anayepuliza sumu ovyo huwaua nao pia, akabaki bila walinzi.

Lililotushughulisha zaidi katika swali hili ni jirani. Unga na sumu hupeperushwa na upepo hadi kisimani kwake na jikoni anakopika. Mwenye kupuliza upepo ukivuma, hali anajua, akaharibu mali ya mwenzake, anawajibika kuilipa. Na kusema "nilikuwa shambani kwangu" hakumwondolei dhamana hiyo. Basi amjulishe jirani mapema, na anunue dawa iliyosajiliwa tu.

Wa-Allaahu A'lam.