Mshiko wa Tairi: Somo la Fizikia Katika Uwanja wa Mbio za Magari

Gari dogo la abiria lenye uzito wa kilo 1,200 hugusana na barabara katika sehemu nne tu, na kila moja ya sehemu hizo haizidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Kila amri ya dereva, iwe ni kuongeza mwendo, kufunga breki au kukata kona, hupitia hapo. Mshiko ukipotea katika sehemu hizo nne, injini na usukani havina la kufanya. Makala haya yanaeleza jinsi mshiko huo unavyopatikana. Mfano wetu ni matairi ya mshiko mkubwa ambayo madereva wa ridhaa huyajaribu katika viwanja vya mbio za magari nchini Uingereza.

SIKU YA UWANJA

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanja kadhaa vya ndege za kijeshi nchini Uingereza viligeuzwa kuwa viwanja vya mbio za magari. Silverstone, ambako shindano la kwanza la ubingwa wa dunia wa Formula 1 lilifanyika tarehe 13 Mei 1950, ni kimojawapo. Snetterton na Goodwood ni vingine. Siku ambazo hakuna mashindano, viwanja kama hivi hufunguliwa kwa watu wa kawaida, ambao hulipa ada na kuendesha magari yao wenyewe. Kila dereva huvaa helmeti na kusikiliza maelezo ya usalama kabla ya kuanza. Kwa kawaida hairuhusiwi kupima muda wa mzunguko, na gari hulipita jingine pale tu dereva wa mbele anaporidhia.

Wengi huanza na matairi yao ya kila siku. Baadaye hununua matairi yaliyotengenezwa kwa mpira laini zaidi, yenye mifereji michache na kashata fupi. Nchini Marekani matairi hupewa namba ya kulinganisha uchakavu: lile la kipimo huhesabiwa kuwa 100, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo tairi linavyotarajiwa kudumu. Matairi mengi ya kawaida huwa na namba 400 au zaidi, ilhali matairi mengi ya wapenda mbio huwa na 200. Mshiko, basi, hununuliwa kwa maisha ya tairi.

MPIRA USIOTII KANUNI

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kanuni zilizoelezwa na Mfaransa Guillaume Amontons mwaka 1699: kwamba msuguano hulingana na uzito unaogandamiza, na kwamba hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana. Kanuni hizo huufaa sana ubao na chuma. Mpira huzitii kwa sehemu tu, kwa kuwa hushika kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kubonyea. Lami ikitazamwa kwa karibu ina vilima na mabonde madogo. Mpira huingia katika mabonde hayo, na unapoanza kuteleza hulazimika kubonyea na kufumuka mara nyingi kwa sekunde. Kila mara hurudisha sehemu tu ya nishati iliyotumika kuubonyeza. Iliyobaki hugeuka joto. Upotevu huo ndio unaopinga mtelezo. Njia ya pili ni kunata: molekuli za mpira hushikana na uso wa mawe kwa muda mfupi sana, huvutwa, kisha huachia na kushika tena. Mwaka 1963 mtafiti K. A. Grosch alionyesha kwamba njia zote mbili hutegemea mwendo wa mtelezo na halijoto ya mpira.

Aidha, uzito juu ya tairi ukiongezwa maradufu, mshiko huongezeka kwa kiasi kilicho pungufu ya maradufu. Ndiyo sababu gari linaloegemea upande mmoja katika kona hupoteza sehemu ya mshiko wake wote, na ndiyo sababu tairi pana husaidia.

TUPIGE HESABU

Tuchukue kona yenye nusu kipenyo (r) cha meta 50. Gari linapopita hapo huhitaji kani ya kulivuta kuelekea kitovuni mwa duara, na kani hiyo hutokana na msuguano. Tukilinganisha kani hizo mbili, masi ya gari hujifuta pande zote, na tunabaki na:

v² = μ × g × r

ambapo μ ni kizigeu cha msuguano na g ni 9.8 m/s². Kwa tairi la kawaida kwenye lami kavu tukadirie μ kuwa 0.9. Tunapata v² = 441, yaani v ni meta 21 kwa sekunde, au karibu kilometa 76 kwa saa. Kwa tairi la mshiko mkubwa tukadirie μ kuwa 1.2. Sasa v ni meta 24.2 kwa sekunde, au karibu kilometa 87 kwa saa.

Katika kufunga breki faida huonekana zaidi. Gari lililo katika mwendo wa kilometa 108 kwa saa litahitaji takriban meta 51 kusimama likiwa na tairi la kwanza, na meta 38 likiwa na la pili.

JOTO NA HEWA

Mengi ya matairi haya hushika vyema yakipata nyuzi 70 hadi 100 za Sentigredi. Yakiwa baridi huteleza kwa urahisi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuendesha mizunguko ya kwanza polepole. Lakini joto hupandisha pia kanieneo ya hewa iliyo ndani. Tairi lililojazwa kilopaskali 200 katika nyuzi 20 lina kanieneo halisi ya karibu 300, tukijumlisha ile ya angahewa. Likifikia nyuzi 80:

300 × 353 ÷ 293 = 361

Geji itasoma karibu 261. Tairi lililojaa mno hubinuka katikati na kugusa lami kwa eneo dogo. Kwa hiyo dereva makini hujaza hewa kidogo asubuhi, na kila atokapo uwanjani hupima tena.

Hupima pia joto la mpira upande wa ndani, katikati na upande wa nje. Katikati pakiwa na joto kuliko kingo, hewa imezidi. Kingo zikiwa na joto kuliko katikati, hewa imepungua. Hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja na kuandika matokeo. Ni utaratibu uleule wa maabara ya shule.

GHARAMA ILIYOFICHIKA

Turudi kwenye kona yetu. Nishati mwendo hulingana na v², na v² imepanda kutoka 441 hadi 588. Mshiko ukikatika, gari hutoka barabarani likiwa na nishati iliyozidi kwa theluthi moja, na ukuta ni uleule. Zaidi ya hayo, tairi la kawaida hulia na kuteleza taratibu, likimwonya dereva. Tairi la mshiko mkubwa mara nyingi huachia ghafula. Ndiyo maana mwanafunzi wa uwanjani hushauriwa ajifunze kwanza kwa matairi ya kawaida. Breki nazo hupata joto kali, na katika kona ndefu oili ya injini husukumwa upande mmoja hadi pampu ikafyonza hewa.

Hapa liko swali ambalo walimu huulizwa: ikiwa tairi la mashindano ni laini lisilo na kashata, kwa nini tairi kipara la basi liwe hatari? Tairi la mashindano hulainishwa makusudi, kwa mpira mpya unaonata, na huondolewa mvua inaponyesha. Tairi kipara lina mpira mkongwe uliokauka na kuwa mwembamba, rahisi kupasuka, wala halina mifereji ya kutoa maji. Katika mvua huelea juu ya utando wa maji, na hapo μ hushuka karibu na sifuri.

JARIBIO

Chukua ubao wa meta moja na kipande bapa cha mpira wa tyubu, ukiweke juu ya ubao pamoja na uzito mdogo uliofungwa imara. Inua upande mmoja wa ubao polepole hadi kipande kianze kuteleza. Pima kimo na kitako cha pembetatu iliyofanyika. Kimo gawanya kwa kitako ndicho kizigeu cha msuguano. Rudia kwa ubao mkavu, wenye vumbi na uliolowa. Kisha ongeza uzito uone kama jibu linabaki lilelile. Ukipata namba inayozidi 1, usidhani umekosea: hakuna kanuni inayokataza, na mpira huifikia mara nyingi.