Treni ya mjini na sisi wa Chamazi

Msafiri atokaye Unguja, ashukapo botini katika bandari ya Dar es Salaam, akitembea kwa miguu kitambo kidogo huifikia Stesheni ya zamani ya reli. Wengi huipita bila kuitazama, kwa kuwa haja yao ni gari la Mbagala. Miongoni mwao wamo jamaa zetu wa visiwani wanaokaa huku Chamazi, kusini ya jiji, na ambao kila wendapo na warudipo huonja adha ile ile tuionjayo sisi wenyeji. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya waheshimiwa wenye dhamana ya uchukuzi, leo tunapenda kusema machache juu ya treni ya mjini: ilikotoka, inavyokwenda, na kwa nini bado haijawa ya kutosha.

Ndugu zetu wa Unguja wasidhani kwamba habari hii ni ya bara peke yake. Mwaka 1905, kampuni ya Kimarekani ilipokwisha kutandika reli yake, Unguja ilikuwa na treni ya abiria iliyotoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu, mwendo wa maili 7 hivi. Wako wanaosema kwamba jina la Bububu lilitokana na mlio wa treni hiyo. Sivyo, jina lilikuwapo kabla ya reli. Mwaka 1911 Serikali ikainunua reli ile, na mwaka 1922 abiria wakaacha kuchukuliwa. Motokaa zilikuwa zimekwisha kuingia barabarani, na reli ikabakia kubeba mawe ya kazi za bandarini mpaka ilipong'olewa. Lakini kwa miaka ile michache mtu wa shamba aliweza kuja mjini asubuhi na kurudi kwake jioni. Hiyo ndiyo maana hasa ya treni ya mjini, na Unguja iliijua miaka mia moja na zaidi kabla ya Dar es Salaam.

Huku bara reli zilitandikwa kwa nia nyingine. Wajerumani walianza Reli ya Kati hapa Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Walitaka mazao yashuke bandarini na askari wapande bara. Reli ya pili, ya TAZARA, ni tunda la ukombozi: walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa uongo mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kuipitishia shaba yake. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakaomba, wakubwa wa Magharibi wakakataa, China ikakubali. Kazi ilianza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli ya kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa kwa nchi mbili. Hapana mtu mwenye insafu atakayeidharau kazi ile. Hata hivyo hapana budi kukiri kwamba katika ramani zake mfanyakazi wa Yombo au Kitunda hakuwamo. Yeye alikuwa mtu wa kuitazama treni ikipita.

Na kuna jambo jingine, dogo kwa macho, kubwa kwa athari. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000 baina ya chuma na chuma. Ya TAZARA ina milimita 1,067, ili ilingane na reli za Zambia na za kusini. Tofauti ni milimita 67, yaani upana wa vidole vinne vya mtu mzima. Kwa vidole hivyo vinne, behewa la reli moja haliwezi kutia gurudumu katika reli ya pili. Shehena ikaja kujengewa mahali pa kuhamishiwa huko Kidatu. Binadamu hakujengewa chochote. Abiria aingiaye mjini kwa reli ya TAZARA hukomea stesheni kuu ya TAZARA, kwenye makutano ya Barabara ya Nyerere na ya Mandela, naye akiwa bado hajafika Kariakoo wala Posta. Hapo hushuka, akatafuta gari la pili na kutoa nauli ya pili.

Treni ya mjini yenyewe ilianza tarehe 29 Oktoba 1912? La, msomaji asishangae, ni 2012. Karne nzima na miaka saba tangu Mjerumani aanze kutandika reli. Dk. Harrison Mwakyembe alikuwa Waziri wa Uchukuzi, na watu, kama ilivyo desturi yao, wakaipa treni jina la waziri. Njia zilikuwa mbili. Moja ilitoka Stesheni kupitia Buguruni na Tabata hadi Ubungo Maziwa, juu ya Reli ya Kati. Ya pili ilitoka stesheni ya TAZARA hadi Mwakanga, kilometa zipatazo 20, ikisimama Kwa Fundi Umeme, Kigilagila, Kitunda na kwingineko. Mwaka 2016 ikaongezwa njia ya Pugu. Vichwa na mabehewa havikuwa vipya. Vilikuwa vya zamani, vikakarabatiwa na mafundi wetu wenyewe. Tunalitaja hili kwa fahari, maana wako waliosubiri wafadhili hata wakazeeka.

Treni ilipangiwa saa za asubuhi na za jioni, siku za kazi. Msomaji atauliza: kwa nini isiende kutwa? Jibu limo katika reli yenyewe. Njia ni moja tu. Treni mbili hazipishani ila penye njia ya kando. Treni ya mizigo iendayo mbali ndiyo iletayo fedha, na yule abiria wa shilingi mia chache hupewa saa zilizobaki. Hatusemi hivi kwa kulaumu. Shirika lolote la reli lenye madeni na vichwa vichache litafanya hesabu hiyo hiyo. Ndiyo sababu hesabu hiyo haifai kuachiwa shirika peke yake.

Siku moja mwandishi wa makala hii alitaka kujua mwenyewe. Baada ya sala ya alfajiri alipanda bodaboda kutoka Chamazi, akapitia Kivule kwa njia ya vumbi hadi Kitunda, akaipanda treni. Ilijaa. Walikuwamo wanafunzi, mafundi waashi na mifuko yao ya zana, na akina mama wenye ndoo za samaki zilizo tupu wakielekea sokoni. Mtu alisimama, naam, lakini hakuna aliyepenya dirishani kama ilivyozoeleka Mbagala Rangi Tatu, wala treni haikusimama njiani kungojea foleni ya magari. Bodaboda iligharimu zaidi kuliko treni mara kadhaa. Kwa mkazi wa Chamazi, basi, treni ipo na haipo.

Pale stesheni ya TAZARA, abiria akitoka nje huliona daraja la juu la Mfugale, lililofunguliwa mwaka 2018, ambalo Wajapani walitusaidia kulijenga. Linapitisha magari vizuri. Lakini Wajapani hao hao wanalo somo jingine, na hili halihitaji msaada wa fedha. Reli yao ya kwanza, ya mwaka 1872, ilikuwa na upana wa milimita 1,067, sawasawa na TAZARA, na hadi leo treni nyingi za wafanyakazi wa Tokyo na Osaka hupita juu ya upana huo. Kwa hiyo wembamba wa reli si udhuru. Mwaka 1910, bwana mmoja aitwaye Kobayashi Ichizo alitandika reli kutoka Osaka kuelekea Takarazuka, mahali palipokuwa na mashamba matupu. Watu walimcheka: atambeba nani? Yeye alikuwa amenunua ardhi kando ya reli, akapima viwanja, akajenga nyumba, akaziuza kwa malipo ya mwezi hadi mwezi. Wanunuzi ndio waliokuja kuwa abiria wake.

Sisi tumefanya kinyume. Sensa ya mwaka 2002 ililikuta jiji hili na watu karibu milioni 2 na nusu. Ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu hawa hawakukaa Kariakoo. Walikuja Chamazi, Mbande, Kivule na Majohe, wakanunua kwa wenye mashamba, wakajenga kwanza, barabara ikafuata kwa kuchechemea, na reli haijafika.

Treni ya umeme iliyoanza safari za Morogoro mwaka 2024, kisha Dodoma, ni maendeleo makubwa, lakini nayo ni ya safari ndefu. Barabara ya Kilwa imejengewa njia za mwendokasi hadi Mbagala. Nazo zinakoma pale Chamazi inapoanza safari yake. Na mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba na kampuni ya Kichina ya CCECC ili reli ya TAZARA ifufuliwe na kuendeshwa kwa miaka 30. Shaba itapita kwa wingi, inshallah. Tunawauliza waheshimiwa waziwazi: katika miaka hiyo 30, saa za abiria wa Mwakanga na Kitunda zimelindwa wapi? Mwenye kuendesha kwa faida hatazilinda kwa hisani. Zinapaswa kuandikwa, na tofauti ya nauli Serikali iibebe, kama inavyobeba barabara zisizotoza nauli.

La pili ni ardhi. Kuunganisha Chamazi na reli iliyoko magharibi yetu kunahitaji ukanda mwembamba uliopimwa na kuachwa wazi, hata kama fedha za vyuma hazipo leo. Kesho ukanda huo utakuwa na misikiti, shule na makaburi, na fidia yake itashinda gharama ya reli. Huku nyuma, kuelekea Mbande na Msongola, viwanja bado vinakatwa, ishirini kwa ishirini, na katika pitapita zangu zote sijaona hata kigingi kimoja kilichopigwa kwa ajili ya reli.