Pikipiki Yangu, Betri Yao

Mwendeshaji wa boda anaingia kituoni bila kelele, anainua kiti na kuchomoa betri. Ni nzito, anaishika kwa mikono miwili huku mgongo umempinda kidogo. Anaisukuma ndani ya tundu tupu la kabati la chuma, taa inawaka, anapewa nyingine iliyojaa, analipa kwa M-Pesa na kuendelea na safari. Abiria wake hata hajamaliza kupiga simu. Nairobi jambo hili limezoeleka hadi hakuna anayegeuza shingo kulitazama.

Mwulize kwa nini aliachana na petroli na hatakuhubiria habari za hali ya hewa. Atakupigia hesabu. Septemba 2023 lita moja ya petroli jijini ilipita shilingi 211, bei ambayo haikuwa imewahi kuonekana nchini. Ikashuka baadaye, lakini waliokuwa kazini miezi hiyo hawajasahau. Aprili ya mwaka huohuo, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli ilikuwa imeidhinisha bei maalum ya stima ya kuchajia vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 katika saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo. Ongeza kwamba pikipiki ya aina hii haina oili ya kumwaga, haina plagi wala kabureta. Kwa mtu anayezunguka zaidi ya kilomita 100 kwa siku, hizo ni pesa za kulipa karo. (Fundi wa steji, aliyekuwa akila kwa hizo oili na plagi, hakuna aliyemwuliza maoni yake.)

Kwa nchi pia hesabu inakubali. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na tangu hapo petroli yote huja imesafishwa tayari, kwa dola. Stima yetu nayo, karibu sehemu tisa kwa kumi, hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana, upepo wa Turkana na jua. Usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, ardhi ya Olkaria haipumziki. Mvuke unaendelea kupanda na mara nyingine huachiliwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Betri zinazochajiwa saa nane usiku ni mteja aliyekuwa akitafutwa. Ndiyo sababu ya ile shilingi 8.

Kwa hivyo sina ugomvi na pikipiki za umeme. Ninachouliza ni betri ni ya nani.

Katika mpango unaotumiwa na kampuni nyingi, mwendeshaji hununua pikipiki, mara nyingi kwa mkopo, lakini betri hubaki mali ya kampuni. Yeye hulipia kuibadilisha. Mpango huu una akili yake. Betri ndiyo kifaa ghali kuliko vyote, na ndiyo huchoka kwanza. Ukiitoa kwenye bei, pikipiki inanunulika, na siku betri ikizeeka hasara si ya mwendeshaji. BasiGo, iliyoleta mabasi ya umeme Nairobi mwaka 2022, ilifuata njia hiyohiyo: mwenye matatu hununua basi bila betri, kisha hulipia kila kilomita linayokwenda basi.

Sasa mfuate mwendeshaji huyo Desemba, akitaka kwenda kwao Kitui. Petroli angeipata hata kwenye kibanda cha kando ya barabara, ndani ya chupa ya soda, kwa muuzaji asiyejali pikipiki yake ni ya kampuni gani. Betri moja humfikisha kilomita 60 hadi 80 hivi. Kule nyumbani stima ipo, ukutani, na tokeni amenunua, lakini betri si yake na kwa kawaida hana chaja yake. Inajazwa kituoni, na kituo hakijafika kijijini. Kituo cha kampuni nyingine, hata kikiwa hatua kumi mbele, hakimfai, kwa kuwa betri hazifanani umbo wala plagi. Isitoshe, betri hizi hubeba vifaa vya mawasiliano ndani yake: kampuni inajua iko wapi, na wapo wanaoweza kuifunga wakiwa ofisini mkopo ukichelewa. Hakuna muuzaji wa petroli aliyewahi kuwa na uwezo huo.

Si kampuni zote zinazolazimisha betri ijazwe kituoni. Roam, wanaounda pikipiki zao Nairobi, wana betri ambayo mwendeshaji anaweza kuichomoa na kwenda kuichaji nyumbani. Lakini anayefanya kazi kutwa hana saa za kusubiri ijae, ndiyo maana vituo vya kubadilisha vinashinda.

Kenya imewahi kukutana na fumbo hili jikoni. Zamani mtungi wa gesi wa kampuni moja ulikufunga kwa kampuni hiyo, maana regulata zilitofautiana. Kanuni za 2009 zikalazimisha vali ya aina moja, na kampuni zikatakiwa kubadilishana mitungi. Mteja akapumua. Kisha wakazuka wajazaji wa vichochoroni, waliojaza mitungi ya wenzao bila kuikagua, na kanuni za 2019 zikaondoa sharti la kubadilishana. Vali moja ilibaki. Funzo ninaloliona humo kwa betri ni dogo lakini la maana: umbo na plagi vinaweza kusawazishwa kwa sheria, bila kumnyang'anya mwenye betri jukumu la usalama wake. Betri ya lithiamu iliyochezewa si kitu cha kuweka chini ya kiti cha abiria.

Kampuni zitasema ni mapema mno, kwamba teknolojia bado inabadilika. Kuna ukweli. Ila kila kabati jipya linalosimikwa leo linaongeza gharama ya kukubaliana kesho, na anayeongoza sokoni hatakuwa na haraka.

Rwanda wamekwenda mbele zaidi. Kigali, ambako kampuni ya Ampersand ilianza biashara ya kubadilisha betri mwaka 2019, tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria haisajiliwi isipokuwa ya umeme. Hewa itakuwa safi, na kampuni ziko zaidi ya moja. Lakini hapa kwetu kitu kimoja kinachozuia bei ya kubadilisha betri isipande ovyo ni kwamba mwendeshaji akikasirika anaweza kuiacha pikipiki ya umeme na kurudi kwenye petroli. Kabla Nairobi haijaiga tarehe ya Kigali, wanaotuandikia sera waeleze kwanza kitakachoshika nafasi ya tishio hilo.