Kutoka Usemi hadi Alama: Mafumbo ya Bajeti na Mifumo ya Kutolingana

Ntinda, jijini Kampala, ndiko yaliko makao makuu ya Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda (UNEB). Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020 na kutahiniwa kwa mara ya kwanza mwaka 2024, unasisitiza umahiri wa kutumia maarifa maishani. Fumbo la bajeti hupima umahiri huo barabara, kwani ugumu wake huanzia katika lugha kabla ya kufika katika hesabu.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, shule ya Ntinda yenye shilingi 600,000 za kununulia unga wa posho kwa shilingi 3,000 kila kilo na maharagwe kwa shilingi 4,000. Jumla isipungue kilo 150, na maharagwe yasipungue nusu ya uzito wa unga. Unga ukiwa kilo x na maharagwe kilo y, masharti ni haya:

3x + 4y ≤ 600
x + y ≥ 150
2y ≥ x
x ≥ 0

Yakichorwa, masharti hayo huzingira pembetatu yenye vipeo (0, 150), (100, 50) na (120, 60). Kila nukta humo ni ununuzi unaowezekana. Anayetaka gharama ndogo kabisa atachagua (100, 50), kwa shilingi 500,000. Anayetaka chakula kingi kabisa atachagua (120, 60), yaani kilo 180. Hesabu haimwamulii mtu lengo. Humwonyesha bei ya kila lengo.

Hatari imo katika neno moja. Msomaji akichukua "yasipungue" kuwa "yasizidi", sharti la tatu hugeuka kuwa 2y ≤ x, na jibu la chakula kingi huwa kilo 200 za unga bila punje ya maharagwe. Karatasini jibu hilo lapita lile sahihi kwa kilo 20. Mezani mtoto hukosa protini.

Aidha, unga ukipanda hadi shilingi 4,000 na maharagwe 5,000, gharama ndogo kabisa huwa shilingi 650,000. Eneo la majibu hutoweka. Kwa mshauri wa sera, utupu huo ni jibu kamili: ama fedha ziongezwe, ama sharti lilegezwe kwa uwazi.

Kwa kuwa Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Uganda mwaka 2022, istilahi kama "angalau", "isiyozidi" na "zaidi ya" zastahili kusanifiwa na kufundishwa sambamba na alama zake.