Fosfatasi: nambari kubwa haimaanishi udongo umeshiba

Ndugu wanamemba, kwenye karatasi za majibu ya udongo kunaweza kuonekana mstari ambao wengi hawajauzoea: fosfatasi. Swali linakuja mara moja: mwenye nambari kubwa apunguziwe mbolea, na mwenye ndogo aongezewe? Hapana. Tunaomba musigawe mifuko ya DAP kwa kufuata mstari huo peke yake, juu ya mkopo wa mbolea unalipwa na wote.

Katika udongo mwekundu wa milima ya Kivu, wenye uchachu, si kwamba fosforasi haiko kabisa. Sehemu imeshikwa na chuma na alumini, na sehemu nyingine imefungwa ndani ya mabaki ya majani, mizizi na samadi. Hiyo ya mabaki, maharagi hayawezi kuinyonya kama haijafunguliwa. Kwa hiyo mizizi na vijidudu vya udongoni hutoa fosfatasi, enzimu inayofanya kazi kama mkasi: inakata fosfati kutoka kwenye mabaki, kisha mzizi unaichukua. Vikiwa na njaa ya fosforasi, hutoa mikasi mingi. Vikishiba, hupunguza.

Mikasi hiyo haionekani, hivyo labo inaiwekea chambo. Wanakoroga udongo kidogo katika maji yenye uchachu uliopimwa, wanatia matone ndani ya sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kisha wanaongeza chambo: fosfati iliyofungwa kwenye kemikali inayoitwa methilumbeliferoni. Ikiwa imefungwa, kemikali hiyo karibu haiwaki. Fosfatasi ikiikata, inabaki huru, na ukiimulika kwa mwanga wa nanomita 365 ambao macho hayauoni, inawaka bluu. Munajua ile taa ya zambarau ya wabadilishaji pesa, ya kukagua dola? Uzi wa noti ya dola 5 unawaka bluu namna hiyo. Mashine inapima ukali wa ile bluu, na nambari munayopata ni kiasi kilichokatwa na gramu 1 ya udongo kwa saa 1. Njia ya zamani, ya Tabatabai na Bremner wa Marekani mwaka 1969, inageuza maji kuwa ya manjano. Bado inatumika, lakini ile ya mwanga inaona hata kiasi kidogo sana.

Kuna jambo moja la kuuliza labo. Udongo mweusi wenye mboji nyingi unameza mwanga. Kama hawakupima pia kemikali huru ndani ya udongo uleule ili kusahihisha hesabu, shamba zuri litaonekana kama limekufa. Ulizeni bila haya, mumelipia.

Sasa maana. Nambari kubwa inaweza kuwa njaa ya fosforasi, ao udongo wenye mboji na vijidudu vingi, ao vyote viwili. Nambari ndogo inaweza kuwa udongo ulioshiba, lakini pia udongo uliochoka kabisa, usio na mabaki ya kukata wala vijidudu vya kutoa mikasi. Hawa wawili karatasi haiwatenganishi! Anayewatenganisha ni kipimo cha kawaida cha fosforasi na cha uchachu, vikisomwa pamoja. Fosforasi ndogo na fosfatasi ndogo: hapo sisi tungeanza na samadi, mboji ao majani mabichi ya tithonia, lile ua la manjano la kando ya barabara, na DAP kidogo shimoni. Fosforasi ndogo na fosfatasi kubwa: vijidudu viko kazini, muwalishe mabaki, musichome majani ya shamba.

Juu ya kuchukua udongo: chimbeni sehemu 10 hadi 15 za shamba, sentimita 0 mpaka 15, mbali na kichuguu, jalala na mahali palipochomwa. Changanyeni kwenye ndoo safi, kisha gawanyeni mifuko miwili. Ule wa fosforasi uanikwe kivulini. Ule wa fosfatasi usianikwe hata kidogo, juu ya ukikauka enzimu inabadilika: ufungeni ukiwa mbichi, uwekeni kwenye baridi, ufike labo haraka. Andikeni jina la shamba, tarehe, na kama samadi ao mbolea iliwekwa msimu huu, ilikuwa kiasi gani.